Chelewa Chelewa, Lakini Saa ni ya Nani?

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana. Moja hunena, 'Kawia ufike.' Nyingine hutahadharisha, 'Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.' Nilipokuwa likizoni Sio Port, mzee mmoja mvuvi aliniuliza: 'Mwalimu, jeshi likikalia shamba la mtu, naye asishtaki kwa miaka mingi, mahakama hufuata ipi?'

Sheria ya Kenya humpa mwenye ardhi miaka 12 kuidai mahakamani. Anayedai fidia kwa madhara aliyotendewa na serikali ana miezi 12 tu. Kinyume chake, raia akikalia ardhi ya serikali hata miaka 50, ukaaji huo haumfanyi mmiliki. Saa ya raia hukimbia. Ya serikali imesimama.

Sidai kwamba kila mlalamikaji ana haki. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliitupa rufaa ya kampuni ya Torino Enterprises, iliyotaka fidia kwa ardhi ya Embakasi, Nairobi, iliyokaliwa na jeshi. Barua ya ugawaji, mahakama ilisema, si hati ya umiliki. Huo ulikuwa uamuzi juu ya ushahidi, si juu ya kalenda. Mwaka uo huo, mahakama iyo hiyo iliwapa haki akina mama waliopigwa na polisi Uhuru Park mwaka 1992, ingawa walishtaki takribani miaka 20 baadaye. Ilitazama sababu ya kukawia kwao.

Huo ndio msimamo wangu. Ni kweli kwamba mashahidi hufa na karatasi hupotea, na hilo humdhuru hata mshtakiwa. Lakini si rahisi kumshtaki mwenye bunduki, na kimya cha mwoga si ridhaa. Kabla ya kuifunga kesi ya ardhi iliyokaliwa na jeshi, hakimu na aulize: kwa nini huyu alikawia, na ni nani aliyenufaika na ukimya wake?

Nanyi walimu wenzangu, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Tunawafundisha wanafunzi methali hizo mbili, wakazikariri hadi mtihani. Tuwafundishe pia miaka 12 na miezi 12, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ili siku wazazi wao watakapoulizwa walikuwa wapi, wasiwe wamechelewa kwa kutojua.