Sheria ya Biashara Haijafa

Dhana iliyoenea ni kwamba sheria ya biashara ya kimataifa ilikufa Desemba 2019, Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani (WTO) kilipobaki na mjumbe mmoja. Rufaa huhitaji wajumbe watatu, na Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Kwa hiyo, hudaiwa, kusomea fani hii shahada ya uzamili au uzamivu ni kupoteza muda na ada.

Dhana hiyo ni potofu, na kwa Afrika Mashariki ni ya hatari. Hata Geneva, makao makuu ya WTO, mabaraza ya awali bado yanasikiliza mashauri, na viwango vya ushuru ambavyo nchi ziliahidi kutovivuka bado vinazifunga. Zaidi ya hayo, sheria zilizoibana kanda hii hazikutungwa Geneva.

Mfano ni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao kupitia AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia nchini humo bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. AGOA si mkataba. Ni sheria ya Bunge la Marekani, na kati ya masharti yake ni kuondoa vikwazo dhidi ya bidhaa za Marekani. Aliyeisoma kwa kina angeona hatari hiyo kabla azimio halijatiwa saini.

Kahawa nayo iko njiani kubanwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa, inadai kila shamba lijulikane kwa latitudo na longitudo, na lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Mzigo huo unamwangukia mkulima wa ekari mbili mkoani Kagera, Tanzania, na chama chake cha ushirika.

Kinachostahili kubadilika ni mitaala. Mwanafunzi wa uzamili afundishwe sheria za ndani za wanunuzi wakubwa na itifaki za Eneo Huru la Biashara la Afrika kwa uzito uleule wa hukumu za WTO. Serikali isiyo na wataalamu hao itaendelea kuyajua masharti baada ya adhabu.