Monita ya Chogo Inapoondoka Shuleni

Katika shule nyingi za sekondari mabadiliko yamekwisha kupita. Monita ya chogo, iliyokula nusu ya meza na kumtoa jasho kila aliyeipandisha ghorofani, imeondolewa, na mahali pake imekaa monita bapa ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huibeba bila taabu. Mkuu wa shule hufurahia nafasi iliyopatikana, mwalimu hufurahia macho yasiyochoka upesi, na wanafunzi hufurahia kitu kipya. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: ile ya zamani imekwenda wapi?

Mara nyingi jibu ni kwamba imetupwa stoo. Kutoka stoo huhamia nyuma ya jengo, na kutoka hapo huangukia mikononi mwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye shida yake ni ile koili ya shaba iliyozungushwa shingoni mwa neli. Huvunja shingo kwa nyundo, huchukua shaba yake, na kioo hukiacha papo hapo. Watu huona kuwa hilo ni jambo la usafi tu, lifaalo kuachiwa mwalimu wa zamu. La hasha. Ni jambo la kemia na fizikia, na lina uhusiano wa moja kwa moja na afya ya watoto wachezao mahali pale.

Neli ile ni chombo chenye heshima yake katika historia ya sayansi. Ferdinand Braun aliitengeneza mwaka 1897 huko Strasbourg, na mwaka huo huo J. J. Thomson, akiichunguza mionzi ya kathodi huko Cambridge, akapima uwiano wa chaji na tungamo ya chembe ambayo leo huitwa elektroni. Katika monita ya rangi, elektroni hizo huvutwa na umeme wa volti zipatazo 25,000 hata zikafikia mwendo unaokaribia theluthi ya mwendo wa nuru. Kisha husimamishwa ghafula na kioo cha mbele, ambako huupiga unga maalumu nao ukang'aa. Mwanafunzi wa kidato cha juu anajua kinachotokea elektroni yenye mwendo mkubwa inaposimamishwa ghafula: hutoa eksirei. Ndiyo sababu watengenezaji walichanganya risasi katika kioo cha neli. Risasi ile haikuwekwa kwa uzembe. Iliwekwa ili imkinge mtazamaji. Katika kioo cha sehemu ya nyuma, ile yenye umbo la faneli, oksidi ya risasi ilifikia moja ya tano ya uzito au zaidi, na monita moja yaweza kuwa na risasi ya kilo nzima.

Maadamu kioo ni kizima, risasi hiyo imefungwa ndani yake na haimdhuru mtu. Kikivunjwa na kusagika, vumbi lake huingia udongoni, na maji yenye asidi yatokayo katika taka huweza kuiyeyusha kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kijulikanacho kuwa ni salama. Ubongo unaokua ndio unaoathirika kwanza, na madhara yake hayarudishwi nyuma.

Kuna na hatari ya pili, ya papo kwa papo. Ndani ya neli ni ombwe. Kioo chenye upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 24 hukandamizwa na hewa kwa nguvu ya niutoni zipatazo 7,700, yaani uzito wa watu kumi na zaidi waliosimama juu yake. Anayeipiga nyundo hajui kwamba vigae vitaruka. Tena, chaji ya volti nyingi huweza kubaki ndani ya neli hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na mwanafunzi hodari mwenye bisibisi ndiye aliye hatarini zaidi kuliko wote.

Kwa nini basi kioo hicho hakirudishwi viwandani? Kilikuwa kikirudishwa. Kwa miaka mingi neli kuukuu zilisagwa na kuyeyushwa ili zifanywe neli mpya, na risasi yake ikazunguka ndani ya kazi ile ile. Lakini dunia ilipohamia monita bapa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanda vya neli vilifungwa kimoja baada ya kingine, na kioo chenye risasi kikakosa mnunuzi. Uhamaji uleule uliozifanya monita za chogo kuwa takataka ndio ulioufunga mlango wa kuzipokea. Hata katika nchi tajiri kioo hicho kilirundikana maghalani.

Hapo ndipo ilipo siri ya sehemu ya ukarimu wa miaka ile. Ofisi za nchi tajiri zilipobadilisha monita, nyingi za zamani zilisafirishwa kuja Afrika, baadhi kama bidhaa na baadhi kama msaada. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991 ilikusudiwa kuzuia biashara ya taka za sumu, lakini kitu kinachowaka bado hakiitwi taka, hata kama kimebakiwa na miezi sita ya uhai. Si kila mtoaji alikuwa na nia mbaya, na wako wanafunzi waliojifunza kompyuta kwa mara ya kwanza mbele ya monita hizo. Hata hivyo, shule inayopokea neli leo inapokea pamoja nayo mzigo ambao aliyeutoa ameshindwa kuutua kwake. Inafaa ikatae, kwa adabu na kwa maandishi.

Kuhama kwenyewe ni kwema, ila kwa sababu isiyotajwa sana. Monita ya chogo ya inchi 17 hutumia wati zipatazo 80. Bapa ya ukubwa huo yaweza kutumia wati 25. Maabara yenye monita 20, ikifanya kazi saa 6 kwa siku, huokoa hivyo kilowati-saa 6.6 kila siku. Kwa shule ya kijijini inayotegemea paneli za jua na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama somo litafundishwa au halitafundishwa. Shule ya mjini yenye monita tatu za chogo zinazowashwa mara moja kwa juma haina haraka hiyo. Na izitumie mpaka zife.

Monita bapa nayo ina elimu yake. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, aliona dutu yenye nyuzijoto mbili za kuyeyuka: kwanza ikawa uji wenye ukungu, kisha ikawa maji maangavu. Huo uji ni fuwele kimiminika. Volti chache tu huzigeuza molekuli zake, na kwa kugeuka huko taa iliyo nyuma hupenya au huzibwa kati ya vichujio viwili. Miwani ya jua iliyo na kichujio cha aina hiyo, ikizungushwa polepole mbele ya monita, huifanya iwe nyeusi kisha iangaze tena. Jaribio hilo halina gharama na lafaa kila darasa la fizikia.

Lakini bapa nayo haikosi sumu. Zile za miaka ya mwanzo huangazwa na vijitaa vyembamba vyenye zebaki, miligramu chache katika kila kimoja, navyo havipaswi kuvunjwa. Jambo jingine ni kwamba nyingi zinazotupwa hazijafa. Kilichoharibika ni kapasita zilizovimba katika sehemu ya umeme, na fundi aliyefunzwa hubadilisha kapasita hizo kwa gharama ndogo. Shule za ufundi zingeweza kulifanya zoezi la kila mwaka, chini ya usimamizi wa mwalimu.

Zile za chogo zilizomo stoo sasa zibaki nzima, zifungiwe mahali pakavu, kioo kikielekea ukutani, wala asiuziwe mtu wa vyuma chakavu hata moja mpaka apatikane mpokeaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Moja iliyo nzima, ambayo haitafunguliwa kamwe, ibaki maabara ya fizikia. Sumaku ndogo ikisogezwa karibu na kioo chake, picha hujipinda na rangi hugeuka, na mwanafunzi huona kwa macho yake nguvu ya sumaku juu ya elektroni ziendazo. Monita bapa haiwezi kumwonyesha hilo.