Mlima Kilimanjaro haupiti kwenye waya!

Haya wadau, leo nina hasira, mtanisamehe.

Mwaka jana niliandika habari kuhusu maji, nikaweka kiungo cha ripoti niliyoinukuu, iliyokuwa kwenye tovuti ya ofisi moja (jina naliacha). Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, mbona umetunga? Nimebofya, hakuna ripoti." Nikabofya mwenyewe. Kweli! Tovuti imepakwa rangi mpya, na anwani ileile sasa inafungua picha ya bosi akikata utepe. Seva inajibu 200, yaani "sawa, ulichoomba hiki hapa."

Huo ni uongo.

Nilipolalamika, fundi wao akaniuliza: "Bosi, si ukurasa umefunguka? Shida iko wapi?" Shida iko hapo hapo. Wengi wanadhani anwani ni jina la faili. Waraka wa W3C wa Desemba 2004 kuhusu usanifu wa wavuti unasema vingine: anwani ni jina la kitu, na kinachofika kwenye kompyuta yako ni sura tu ya kitu hicho kwa wakati huo. Ripoti moja inaweza kuja kama HTML au PDF, kwa Kiswahili au Kiingereza. Sura nyingi, ripoti moja. Kubadilisha sura ni ruksa. Kubadilisha kitu chenyewe chini ya jina lilelile ni sawa na kumzika mtu kimyakimya, kisha kumpa mgeni kitambulisho chake.

Kuna jambo la tatu: maelezo juu ya kitu. Mwalimu Nyerere alizaliwa 1922. Ukurasa unaomweleza, tuseme, umetengenezwa 2006. Ukiwapa wote wawili anwani moja, programu inayokusanya data itaelewa kwamba Mwalimu katengenezwa 2006! Msicheke. Wakubwa wa W3C walibishana sana juu ya hili, hadi Juni 2005 wakaamua: 200 ni kwa kitu ambacho chote kinaweza kutumwa kama ujumbe, mfano ripoti. Ukiombwa mtu au mlima, jibu 303, "nenda katazame kule", kisha mpeleke mgeni kwenye maelezo. Mlima Kilimanjaro haupiti kwenye waya. DBpedia walifuata utaratibu huo: kitu kina anwani yake, na ukurasa unaokieleza una yake.

Wapo wanaosema huu ni ubishi wa wanafalsafa, tena 303 inaongeza safari ya pili hadi kwenye seva. Safari inaongezeka kweli, sikatai. Lakini mimi niliyeitwa mtunzi wa uongo siuoni ubishi wa wanafalsafa hapa.

Na dawa haina gharama. Ripoti imehama? Jibu 301, toa anwani mpya. Mmeifuta? Jibu 410, tujue mmeifuta. Hamjui ilipo? 404 inatosha, nayo ni jibu la mtu mkweli.

Mimi nikikosea jina la mtu gazetini, kesho yake naomba radhi. Kwa nini ofisi ikiwapa watu kitu kisicho chenyewe ijibu "sawa"?

Nakala ya ripoti ninayo, nimemtumia yule msomaji. Lakini nakala iliyo mkononi mwangu ni neno langu tu. Ushahidi ulikuwa kwenye anwani yao, na wameufuta huku wanatabasamu.

Au nakosea, jamani?