Mjenzi wa Miji ya Karatasi

Jioni mkitoka shuleni, njia za Mugunga hujaa mafundi wadogo. Huyu amekunja waya na kukata mkebe, amepata motokari. Yule amekusanya mifuko ya plastiki, ameifunga kwa kamba, amepata mpira. Mwingine amechonga chukudu ndogo, anateremka nayo mbio juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Hakuna aliyewafundisha kazi hizo darasani.

Lakini mtoto akifika miaka kumi na miwili, huanza kuona haya. Wenzake humcheka: “Wewe mkubwa, bado wachezea mikebe?” Basi huitupa motokari yake jalalani, na pamoja nayo hutupa akili iliyoifanya. Kwa maoni yangu, hiyo ni hasara kubwa. Sababu nitawaeleza kwa habari za mtu mmoja wa nchi yetu.

Jina lake lilikuwa Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa magharibi wa Kongo. Mwaka 1970 alikwenda Kinshasa kuendelea na masomo, kisha akawa mwalimu. Lakini mikono yake haikutulia. Alishika mkasi, wembe, gundi na karatasi, akaanza kujenga nyumba ndogo ndogo. Husimuliwa kwamba alipopeleka moja kwenye jumba la makumbusho la Kinshasa, wakubwa hawakuamini, walidhani ameiiba. Akatengeneza nyingine mbele ya macho yao. Ndipo walipompa kazi ya kutengeneza vinyago vya zamani vilivyoharibika.

Baadaye aliacha kazi hiyo, akashika ujenzi wake tu. Vifaa vyake vilikuwa nini? Makaratasi ya rangi, maboksi, vifuniko vya chupa, mikebe ya vinywaji. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, Ufaransa. Mwaka 1994 alikijenga kijiji chake cha kuzaliwa, lakini si kama kilivyokuwa: alikifanya mji mkubwa wenye maghorofa na uwanja wa michezo. Mwaka 1996 alijenga mji mwingine, ambao kwa kusema kwake haukuhitaji polisi, maana wakaaji wake ni watu wa amani. Alifariki mwaka 2015. Mwaka 2018 watu wa New York, Marekani, waliingia katika jumba kubwa la sanaa kuitazama miji yake.

Wengine watasema, “Michezo humsahaulisha mtoto masomo.” Kweli, yuko mtoto achezaye mpaka daftari lake likabaki tupu, huyo anakosa. Lakini Kingelez alikuwa mwalimu, na elimu haikuua fikira zake. Ghorofa la karatasi halisimami bila kupima, kuhesabu na kukata sawasawa. Hata wewe, ukitaka magurudumu manne yalingane, huna budi kuyapima. Hapo hesabu za darasani zinapata kazi ya kufanya.

Tena sisi wa Mugunga tunaihitaji akili hii sana. Mwaka 2002, na tena mwaka 2021, moto wa Nyiragongo ulishuka ukaunguza nyumba za watu. Mara nyingi waliokimbia vita wamekaa hapa kwetu chini ya maturubai. Boksi halizuii vita, wala karatasi haizuii moto wa mlima. Lakini mtoto aliyeona nyumba zikianguka tu aweza kudhani kwamba dunia ndivyo ilivyo. Yule ajengaye mji kwa maboksi amekwisha kuuona mji mwingine moyoni mwake. Na hakuna mji uliojengwa kwa mawe kabla ya kujengwa kwa fikira.

Kumbukeni mfano wa Bwana Yesu juu ya mtumishi aliyezika talanta. Hakuiiba, hakuipoteza, aliificha tu ardhini, naye alilaumiwa. Mungu Muumba ametupa sisi nasi kipawa cha kutengeneza. Tukikizika kwa sababu ya kuona haya, tutajibu nini?

Basi, maliza kwanza kazi ya shule na ya nyumbani, halafu shika waya wako. Motokari ya mwaka huu iwe bora kuliko ya mwaka jana. Na ukimwona mdogo wako anatengeneza kitu, usimcheke. Mwulize anatengeneza nini, kisha umshikie waya.

Maswali
1. Kingelez alijenga miji yake kwa vitu gani?
2. Kwa nini mtumishi wa mfano alilaumiwa, ingawa hakuiba?
3. Ukijenga Mugunga kwa maboksi, utaweka nini ambacho leo hakipo?