Neno la Mhariri: Mgeni Asiyepewa Jembe

Kwa mujibu wa waandishi wa televisheni ya CBS ya Marekani, tarehe 16 Oktoba 1997 familia moja ya watu watano ingepaa kwa chombo chenye umbo la sahani kuelekea nyota ya Alpha Centauri, kutafuta makazi mapya kwa kuwa dunia imefurika watu. Baba ni profesa, mama ni mwanasayansi wa biokemia, mabinti wawili, mvulana mmoja, na rubani wa jeshi wa kuwafikisha. Tarehe hiyo ilipangwa mwaka 1965, tamthilia ya Lost in Space ilipoanza kurushwa.

Siku moja tu kabla, yaani tarehe 15 Oktoba 1997 ya kalenda yetu ya kweli, chombo cha Cassini kiliondoka Cape Canaveral kwenda Zohali. Ndani hamkuwa na mtu. Kilisafiri karibu miaka saba, kikafika, kikaifanya kazi yake, na mwaka 2017 kikatumbukizwa ndani ya sayari hiyohiyo. Miezi mitatu kabla ya Cassini kuondoka, kigari kiitwacho Sojourner, chenye uzito wa kilo kumi hivi, kilikuwa kimeanza kujikokota kwenye mawe ya Mirihi. Huo ndio mwaka 1997 tulioupata.

Nayataja haya mapema ili tuachane nayo. Mtu mzima akirudi kwenye tamthilia ya anga aliyoipenda utotoni, mazungumzo kwa kawaida hugeuka kuwa usahihishaji wa mtihani: hapa walipatia, hapa walikosa, tazama kompyuta yao kubwa kama kabati. Toleo hili, ambalo lote ni la bunilizi za kisayansi, halina hamu na usahihishaji huo. Nilipoitazama upya Lost in Space nilishughulishwa na jambo jingine. Karibu kila kitu ambacho waliotengeneza tamthilia ile walikichukulia kwa uzito kimechakaa, na yaliyoharibu heshima yake, kwa maoni ya wengi, ndiyo yenye uhai mpaka leo.

Kwa asiyeijua, habari yenyewe ni fupi. Muasisi wake ni Irwin Allen, aliyekuwa tayari anatengeneza tamthilia ya nyambizi, Voyage to the Bottom of the Sea. Ilirushwa misimu mitatu, kuanzia Septemba 1965 hadi Machi 1968, jumla ya sehemu 83, msimu wa kwanza ukiwa wa picha nyeusi na nyeupe. Familia inaitwa Robinson, kwa kuazima kutoka hadithi ya kale ya familia ya Kiswisi iliyokwama kisiwani. Baba aliigizwa na Guy Williams, ambaye watazamaji walikwisha kumzoea kama Zorro. Mama ni June Lockhart. Mvulana, Will, ni Bill Mumy. Muziki ni wa John Williams, yuleyule atakayekuja kutunga muziki wa Star Wars.

Halafu yuko Dakta Zachary Smith.

Smith hakuwemo katika filamu ya majaribio ya mwanzo. Wala roboti hakuwemo. Waliongezwa baadaye, na Smith aliongezwa kama mhalifu hasa: wakala wa dola ya kigeni anayeingia chomboni kwa siri, anamwamuru roboti akivunjevunje chombo saa nane baada ya kuruka, kisha anakwama humo ndani mwenyewe. Uzito wake wa ziada ndio unaokipotosha chombo njia. Katika sehemu za mwanzo ni mtu baridi, wa kuogopwa, na wataalamu wa kivuli na mwanga walimpiga picha vizuri sana. Ukiziangalia hizo tu, utadhani umeletewa tamthilia nyingine kabisa.

Mwigizaji wake, Jonathan Harris, alikuwa mzaliwa wa New York, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi, ambaye lafudhi yake ya bwana mkubwa wa Kiingereza aliitengeneza mwenyewe tangu ujana. Aliona mapema kwamba mhalifu wa namna ile hawezi kuishi muda mrefu. Ama familia itamuua, ama watazamaji watamchoka. Akaanza kumlegeza. Akaongeza woga, akaongeza uvivu, akaongeza maumivu ya mgongo yanayoanza kila kazi inapotajwa, na akayaandika upya maneno yake, hasa matusi kwa roboti, ambayo aliyapanga kwa takriri ya sauti za mwanzo kama mtu anayetunga ngonjera. Allen hakumzuia. Na kwa kuwa alijiunga wakati mpangilio wa majina ya waigizaji ulikwisha kuwekwa, jina lake liliwekwa mwishoni kwa cheo cha mgeni maalumu. Akabaki na cheo hicho hadi tamthilia inafungwa.

Sisi tuna methali ya mgeni wa siku mbili, ambaye ya tatu hupewa jembe. Huyu alikaa misimu mitatu na jembe hakulishika. Alikula chakula cha wenyeji, alijaribu kuwauza kwa kila kiumbe aliyetua, na jioni akarudi mezani. Sijui Mswahili gani atakayemtazama asimkumbuke jamaa fulani wa ukoo wake.

Utotoni tulimwelewa kwa njia ya mkato. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, lakini deki zilikuwepo, na kanda zilisafiri ndani ya masanduku ya ndugu waliokuwa ng'ambo. Deki yetu ilitoka Dubai, ya aina iliyokubali kanda za Marekani, na binamu yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mfasiri. Alikuwa mfasiri mvivu kupindukia. Smith angezungumza dakika nzima, mikono ikipaa, sauti ikipanda na kushuka, na binamu angetoa maneno mawili: "Anaogopa. Anasingizia." Roboti akitukanwa, tafsiri ilikuwa ileile kila siku: "Kamwita debe." Kwa hiyo tulimjua Smith kwa woga wake mtupu, bila mapambo, na tulimwamini. Mtu mzima anayesikia Kiingereza chote anapata mapambo, na kinachoshangaza ni kwamba woga haukupungua. Harris hafanyi mzaha na woga. Anaupamba, lakini hautanii.

Sababu ya tamthilia kugeuka kichekesho haikuwa Harris peke yake. Januari 1966 kituo shindani cha ABC kilianzisha Batman, yenye rangi kali, ngumi zenye maandishi na nyuso zisizocheka, tena saa ileile ya Jumatano usiku. Lost in Space ilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Msimu wa pili ilirudi na rangi zake, na sare za fedha zikazipa nafasi zambarau, kijani na machungwa. Viumbe wa anga wakaja wakiwa wamevaa kama watumbuizaji wa sarakasi, wengine wakiwa ni mazimwi yaleyale ya tamthilia ya nyambizi yaliyopakwa rangi upya.

Mwaka mmoja kabla ya tamthilia kuanza, 1964, mwandishi Susan Sontag alikuwa ameandika insha yake maarufu kuhusu ladha hii ya mbwembwe zilizopitiliza, akashikilia kwamba iliyo safi ni ile isiyojijua, kazi iliyokusudiwa kuwa tukufu ikashindwa. Anayefanya mbwembwe kwa makusudi, kwake, kwa kawaida hutosheleza kidogo. Nimeisoma insha ile mara nyingi na nimekuwa nikiikubali, lakini mbele ya Harris inalegea. Huyu alijua kila alichokuwa akikifanya, hadi urefu wa kila pumzi, na bado hakuna chembe ya dharau katika uigizaji wake. Hamkonyezi mtazamaji kumwambia kwamba yeye ni bora kuliko kazi aliyopewa.

Geuza shingo sasa uutazame upande wa uzito. Ndani ya chombo chao, Jupiter 2, mna mashine ya kufulia inayofua nguo, kuzipiga pasi, kuzikunja na kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sekunde chache. Ni ubunifu mzuri, wala sioni aibu kusema ningeitaka. Lakini anayeiendesha ni Daktari Maureen Robinson, mwanabiokemia, ambaye elimu yake tunaelezwa mwanzoni kisha haionekani tena. Tunamwona akipakua chakula na kuwaonya watoto wasiende mbali. Hapo hakuna aliyekuwa akitania. Huo ndio uliokuwa mustakabali kwa dhati ya moyo wao, miaka miwili baada ya Valentina Tereshkova kuizunguka dunia mara 48 akiwa peke yake chomboni. Waliweza kuwaza mashine ya kukunja nguo, wakashindwa kuwaza mwanamume akizitoa nguo hizo.

Mtu ataniambia kwamba uzito wenyewe hauna kosa, na atanitolea mfano wa Star Trek, iliyoanza Septemba 1966 katika kituo cha NBC na kumweka Nichelle Nichols kwenye meza ya mawasiliano ya chombo, akiwa Luteni Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu la uhuru. Nakubali. Pale walikaa wakafikiri nani anastahili kiti gani. Kwenye Lost in Space uzito ulikuwa wa kuazima: waliichukua nyumba ya kitongoji cha California ya 1965, wakaifunika kwa karatasi ya fedha, wakaiita kesho. Na sitetei kila upuuzi wao. Yule sokwe aliyevishwa kofia ya manyoya yenye ncha akaitwa kiumbe wa sayari ngeni hakunichekesha nikiwa mtoto wala hanichekeshi leo. Hata ushindi wa Smith ulikuwa na gharama. Guy Williams aliajiriwa kuwa shujaa, na kufikia msimu wa tatu anapita mlangoni, anauliza Will yuko wapi, anatoka. Mark Goddard, rubani, alibaki mtu wa kukasirika tu. Wote wawili walistahili zaidi.

Lakini lazima niizungumzie karoti.

Mwishoni kabisa, Februari 1968, kuna sehemu ambayo Smith anachuma maua kwenye sayari inayotawaliwa na mimea, na mtawala wake, Tybo, ni mtu mzima aliyevaa vazi la karoti, uso tu ukichungulia. Mwigizaji ni Stanley Adams. Smith anaanza kugeuka seleri. June Lockhart alisimulia miaka mingi baadaye kwamba yeye na Guy Williams walishindwa kujizuia kucheka wakati wa kurekodi, wakaadhibiwa kwa kuondolewa katika sehemu mbili. Orodha nyingi za sehemu mbovu kuliko zote katika televisheni ya anga huiweka hii juu, na nilipofika kwake nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Nilicheka, ndiyo, kwa dakika chache za kwanza. Kisha Adams akaanza kulalamika kwa niaba ya maua yaliyochumwa. Analalamika kwa uchungu wa mtu aliyefiwa, uso umelowa jasho ndani ya lile vazi la machungwa, wala hatafuti huruma ya anayetazama. Kibaya zaidi ni kwamba hoja yake ina mantiki: mmefika kwetu bila kualikwa, mmekata watu wetu kupamba sherehe yenu. Sidhani mwandishi aliikusudia hoja hiyo kwa undani wowote. Adams aliikusudia. Amejitupa mzimamzima ndani ya karoti ile, na mustakabali wa familia ya Robinson, pamoja na taa zake zote za kumetameta, haukuwahi kupata mtu wa kujitupa hivyo.

Wapenzi wa filamu wa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa hili. Katika vibanda umiza vya mji ule, watu kama Lufufu walizitia filamu za kigeni sauti za Kiswahili, wakiongeza matusi, utani, majina ya mitaa na maoni yao binafsi kuhusu akili za shujaa. Picha ilikuwa imekwaruzika, televisheni ndogo, joto kali. Watu walilipa, wengine kwa filamu waliyokwisha kuiona, kwa sababu ya sauti. Hakuna aliyeuliza chombo cha anga kiligharimu kiasi gani.

Ndiyo maana nashindwa kuuelewa unyonge wa waandishi wetu wanaoniambia kwamba bunilizi ya kisayansi si yetu kwa kuwa hatuna roketi. Katama Mkangi alimtoa Dzombo duniani na kumpeleka sayari nyingine katika riwaya yake Walenisi, mwaka 1995, bila kumwomba mtu yeyote roketi. Roboti wa Lost in Space, aliyesanifiwa na Robert Kinoshita, alikuwa mwigizaji Bob May ndani ya gamba zito, na katika vazi lake mojawapo sehemu ya miguu ilikatwa ili aweze kutembea, kamera ikilazimika kuishia juu ya magoti. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, Dick Tufeld, iliyowekwa baadaye. Vipande vitatu vya udanganyifu vilivyoshonwa pamoja, na watoto wa nusu dunia walimpenda.

Hadithi mlizonazo mkononi nilizichagua nikiwa na mambo haya kichwani, na wasomaji wanaotaka mahesabu ya mwendo wa nuru watazikuta insha mbili nzuri nyuma ya jarida. Baadhi ya hadithi ni za kelele. Ile ya kwanza ina roboti wa bandari ya Tanga anayekataa kupakua makontena mpaka aimbiwe taarabu, na mwandishi wake haombi radhi popote kwa jambo hilo. Kwenye kikao cha wahariri wenzangu wawili walitaka itoke, mmoja akisema inatushushia hadhi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Iko ukurasa wa tano.