Tengeneza au uza? Hesabu ya gari la biashara

BEI ya trei la mayai ina sehemu ambayo mnunuzi haioni, nayo ni gharama ya gari lililoyaleta. Wengi wanaoteremsha mayai na kuku Dar es Salaam kutoka Kibaha wanatumia stesheni wagoni zenye umri wa miaka ishirini na zaidi, na kila wakitoka gereji swali ni lile lile: nitengeneze tena au niuze?

Kosa kubwa ni kulinganisha bili ya fundi na bei ya gari lenyewe. Mtu akiambiwa ovahoo ya injini ni Sh. 2,500,000, wakati gari zima haliuziki zaidi ya Sh. 5,000,000, anashtuka na kukimbilia mkopo. Hicho si kipimo. Alinganishe na gharama ya kupata gari jingine. Chukua mfano wa gari linalofika bandarini Dar es Salaam likiwa na thamani ya Sh. 10,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh. 2,500,000. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni Sh. 2,250,000. Tayari ni Sh. 14,750,000, bila kuhesabu ada za bandari, usajili wala ushuru wa bidhaa, ambao huongezeka kwa gari lililozidi miaka 8. Na hilo nalo ni mtumba!

Fedha hizo, kwa wengi, zinatoka kwenye mtaji wa chakula cha kuku. Gari linang'aa nje, banda linabaki tupu.

Kwa maoni yetu, injini na giaboksi peke yake si sababu ya kuuza. Spea za magari haya zimejaa Gerezani. Kinachomaliza gari ni bodi, hasa huku pwani ambako chumvi inakula chuma. Fundi akiinua zulia akakuta sakafu imeoza, hapo hakuna mjadala.

Yako pia mambo yasiyoandikwa: siku ambazo gari limelala gereji na fedha za kukodi jingine. Mwenye gari aweke daftari kwa miezi 12. Jumla ikizidi marejesho ya mkopo ya mwaka mzima, auze. Ikiwa chini yake, amlipe fundi, ila adai spea ya zamani mkononi kabla ya kutoa fedha.