Deni lisilo lako, usililipe kwa sababu ya haya

Dawa ya deni ni kulipa. Wakongomani wengi waliotoka Kivu na wanaoishi leo Marekani wamelelewa na msemo huo, na ni msemo mzuri. Lakini kuna deni moja ambalo dawa hiyo haiponyi: deni ambalo duka limeandika kwa makosa.

Namna linavyotokea inajulikana. Familia inanunua friji kwa mkopo wa duka. Friji inafika imeharibika, inarudishwa, lakini duka halifuti mkopo. Faktire zinatumwa kwenye anwani ya zamani. Miezi inapita, duka linatangaza kwamba mteja hakulipa, kisha linauza deni kwa kampuni ya kudai madeni. Siku baba anapoomba nyumba ya kupanga ao mkopo wa gari la kumfikisha kazini, anajibiwa hapana.

Bukavu ao Uvira, mwenye duka anamjua mteja wake kwa sura. Marekani, historia ya madeni inashikwa na kampuni tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Mwenye nyumba na banki wanasoma ripoti zao, na ripoti hizo zinakosea. Mwaka 2013, tume ya serikali ya biashara, FTC, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa kwenye ripoti yake moja ao zaidi.

Wazee watasema: «Ni dola 80 tu, lipa upate amani.» Shauri hilo linatoka kwa moyo mwema, lakini linaumiza. Ukilipa, ripoti itaandika kwamba deni limelipwa, huku alama ya mtu aliyeshindwa kulipa ikiweza kubaki hadi miaka 7. Pesa zimeenda, na jina bado ni chafu.

Sheria ya mwaka 1970 inatoa njia bora. Kila mtu anaweza kupata ripoti zake bure kwenye annualcreditreport.com. Akiona kosa, aandikie kampuni yenye ripoti, aandikie pia duka, na aweke ndani kopi ya resi ya kurudisha kitu. Karatasi za asili zibaki nyumbani. Kampuni inapaswa kuchunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30, na habari isiyoweza kuthibitishwa inapaswa kufutwa. Kampuni ya kudai madeni ikituma notisi, apinge kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kuipokea. Simu haitoshi, kwani maneno ya simu hayaachi alama. Barua itumwe kwa posta yenye kutoa uthibitisho kwamba imepokelewa.

Ni kweli, haipendezi kwamba aliyekosewa ndiye anayefanya kazi ya kusahihisha. Mtu anayetoka zamu ya usiku, asiyesoma Kiingereza vizuri, anaombwa kupigana na ofisi asizozijua. Ndiyo maana makanisa na mashirika ya Wakongomani huko yasiishie kuchanga pesa za msiba na za harusi. Yapange siku moja kwa mwezi ambapo vijana waliosoma huko wanasoma ripoti pamoja na wazee na kuwaandikia barua.

Mwenye deni la kweli alipe. Asiye na deni adai jina lake lisafishwe, tena bila haya. Haya ni ya duka lililokosea.